"Sawa tu, mama": kisa cha vijana wanne katika nyumba ya wamisionari Kigoma

## Kabla ya kisa chenyewe

Haya yalitokea mjini Kigoma, miaka kadhaa iliyopita. Majina sikuyaweka, dhehebu sikulitaja, nchi walikotoka wageni nimeiacha, na mambo mawili matatu madogo nimeyageuza ili jirani akisoma asianze kuhesabu nyumba. Wahusika wakuu wameridhia niandike, akiwemo mama aliyekuwa mpishi wa nyumba hiyo, ambaye alinipa sharti moja: nisimfanye mtakatifu. Nitamwita Mama Jikoni, kwa sababu ndivyo vijana walivyomwita. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili wa familia hiyo na mkalimani wa vikao vyao, kwa hiyo baadhi ya makosa yaliyomo humu ni yangu. Nitayataja yakifika zamu yake.

Nawaandikia wachungaji, wazee wa kanisa na familia za wamisionari wanaopokea vijana wa nje kila kiangazi, wale wanaokuja kwa wiki sita au nane kujifunza utumishi. Mara nyingi habari zao huandikwa na waliowatuma, au na vijana wenyewe wakisharudi kwao. Upande wa sufuria hausikiki.

## Nyumba na watu wake

Familia ilikuwa na baba, mama na watoto watatu, mkubwa wao akiwa na miaka 11. Walikuwa mwaka wa tano Kigoma. Baba alifundisha katika chuo cha Biblia cha kanisa. Mama alisomesha watoto wake nyumbani asubuhi, na alasiri alikaa na kikundi cha akina mama wa ushonaji. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne, tangi la maji la lita 2,000 na umeme wa kuja na kuondoka. Mama Jikoni, mjane anayeishi Ujiji, mji mkongwe jirani na Kigoma, alikuwa nao tangu mwezi wa pili wa kufika kwao. Ndiye aliyewafundisha kula sombe (kisamvu), kukaanga migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, kwa mawese, na kutomwita fundi kabla ya kuuliza bei kwa majirani.

Kigoma haijaanza jana kupokea wageni. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858. Livingstone na Stanley walikutana hapo hapo mwaka 1871. Wamisionari wa London wakaja 1878, na Mapadri Weupe wa Kikatoliki mwaka uliofuata. Wote hao walilala mahali, wakala chakula cha mtu, na walipougua homa kuna aliyewachotea maji. Kila kijana anayekuja hupelekwa Ujiji kupiga picha penye ule mnara wa Livingstone na miembe yake. Sijawahi kusikia mwongozaji akisema nani alipika siku ile.

Ombi lilikuja Februari. Shirika lililowatuma wazazi hawa lilitaka wapokee vijana wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili, wa miaka 19 hadi 22, kwa wiki nane kuanzia mwanzoni mwa Juni. Wangefundisha Kiingereza katika shule ya msingi ya jirani na kusaidia huduma ya watoto kanisani. Kila mmoja angechangia shilingi 15,000 kwa siku, za chakula.

Baba alikubali usiku ule ule kwa simu. Sababu yake ilikuwa nzuri: yeye mwenyewe, akiwa na miaka 20, alipokewa na familia kama hii katika nchi nyingine, na safari ile ndiyo iliyomfanya awe alivyo. Aliona analipa deni. Mama naye alikubali, ila kwa sababu nyingine ambayo aliniambia muda mrefu baadaye: shirika hilo ndilo lililopitisha fedha zao za kuishi, na kumkatalia anayekushikia mkoba si rahisi.

Mchungaji aliarifiwa wiki mbili kabla ya wageni kufika. Nilikuwepo, nikitafsiri. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, akasema: "Karibuni. Wageni ni baraka. Hakuna shida, tutaangalia namna." Nikamgeukia baba nikamwambia: amekubali.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza, nalo nitalirudia chini.

Jioni ile mama alimwambia Mama Jikoni: "Mwezi wa sita tutakuwa na wageni wanne." Mama Jikoni alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Akajibu: "Sawa tu, mama."

## Yaliyotokea

Vijana walifika kwa ndege siku ya Jumanne, wamechoka, wachangamfu, na mabegi yaliyojaa maputo, kalamu za rangi na vitabu vya hadithi vya Kiingereza. Jumatano walipelekwa shuleni kusalimia. Lango lilikuwa na kufuli. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Juni na hazingefunguliwa hadi Julai. Miezi minne ya barua na simu ilikuwa imepita na hakuna aliyefungua kalenda ya shule, mimi nikiwa mmoja wao, na mwanangu alikuwa anasoma hapo hapo. Mwalimu mkuu, alipopigiwa, alisema alidhani "kuja mwezi wa sita" maana yake ni kuja kumsalimia.

Sasa una vijana wanne ambao kila mmoja ameandikia ndugu na jamaa barua za kuomba michango ili aende kutumika Afrika, na shirika linataka ripoti yenye picha kila Ijumaa. Hawawezi kukaa barazani. Ndani ya siku mbili wakaanzisha kambi ya watoto kanisani, saa tatu asubuhi hadi saa sita. Siku ya kwanza walikuja watoto 40. Siku ya pili wakagawa biskuti na maputo. Siku ya nne nilihesabu 180, wengine kutoka mitaa ambayo hata mchungaji hakuijua.

Kanisa lilikuwa na walimu wawili wa shule ya Jumapili, mama na kijana mmoja, waliofundisha pale miaka tisa bila maputo. Asubuhi moja nilimkuta yule mama mlangoni amechutama, anapanga ndala. Watoto walikuwa wanavua viatu nje, na wakitoka wanagombana zipi ni za nani, kwa hiyo yeye akawa anazipanga jozi kwa jozi, za bluu upande huu, za kijani upande ule. Ndani gitaa linapigwa. Nikamsalimia, nikamuuliza mbona hayuko ndani. Akasema, "Mimi siku hizi ni wa viatu."

Nyumbani, midomo ya kulishwa, ukimhesabu na mlinzi wa usiku, ilitoka saba ikawa kumi na mmoja. Mama Jikoni alizoea kufika saa kumi na mbili na kuondoka saa kumi jioni. Sasa alifika saa kumi na moja alfajiri kuwasha mkaa na kuchemsha maji ya kunywa, na akaondoka saa moja usiku. Mshahara wake haukuongezwa. Hakuna aliyekataa kuuongeza, hakuna aliyekumbuka tu. Kijana mmoja hakula nyama wala samaki. Binti mmoja aliambiwa "hali mkate". Mama Jikoni akawa anabandika sufuria tatu kila mlo, na kwa yule wa mkate akaumia moyoni, maana mkate ule aliuoka mwenyewe na watoto wa nyumba wanaugombania. Siku nyingi baadaye, kwenye kikao, ndipo alipojua kwamba tumbo la yule binti linakataa ngano, ni ugonjwa. "Mbona hamkuniambia? Ugali wa muhogo una ngano gani?" Kwa wiki nne binti alikuwa akila viazi, na unga wa muhogo ulikuwa kwenye debe hatua mbili kutoka alipoketi.

Wiki ya tatu mzee mmoja wa kanisa alimuuliza baba kwa upole kama karatasi za vijana ziko sawa. Hazikuwa sawa. Walikuwa wameingia kwa viza ya matembezi, na viza hiyo hairuhusu kazi, hata ya kujitolea. Anayekuja kujitolea anahitaji kibali cha ukaazi cha daraja C. Baba alifanya jambo ambalo nalisifu: hakusubiri kuitwa, alikwenda mwenyewe ofisi ya Uhamiaji akaeleza. Akaambiwa kambi isimame. Ikasimama kesho yake asubuhi, mbele ya watoto waliokwisha panga foleni.

Kisha homa. Binti aliyekuwa akisomea uuguzi alikuwa ameacha doksi, dawa aliyopewa ya kumeza kila siku kujikinga na malaria. Aliimeza asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa funda moja la maji, ikamuunguza kifua siku mbili mfululizo, akaona bora aache. (Doksi humezwa na chakula na maji mengi, na mtu asilale mara baada ya kuimeza. Alilijua hilo darasani.) Alhamisi usiku alitetemeka hadi kitanda kikalia. Kipimo cha haraka kikaonyesha malaria, akapewa dawa mseto: vidonge vinne kwa dozi moja, dozi sita kwa siku tatu, ya pili saa nane baada ya ya kwanza, na zote zimezwe na chakula chenye mafuta kidogo ili mwili uipokee dawa. Aliyeweka saa ya kuamsha, aliyepasha maziwa usiku wa manane, aliyeshika beseni, ni mama mwenyeji. Watoto wake hawakusoma wiki ile.

Jumapili baada ya ibada, watu kumi na wanne walikuja kumpa pole mgonjwa, kama ilivyo desturi yetu. Mtu hawezi kuwaacha waende bila chai. Mama Jikoni, ambaye Jumapili ni siku yake, aliitwa kutoka Ujiji. Alikuja. Akapika chai, akakaanga mandazi, akaosha vikombe, akaaga vizuri. Saa tatu usiku ujumbe ukaingia kwenye simu ya mama:

"Mama kesho sitakuja. Siumwi."

## Maamuzi, na kwa nini

Mama alinipigia Jumatatu saa moja kasoro. Aliuliza, "Siumwi maana yake nini?" Maneno aliyajua. Alichoshindwa kuelewa ni kwa nini mtu aandike hivyo. Nikamweleza kwamba kwetu "naumwa" ni mlango wa heshima: mfanyakazi aliyechoka au aliyeudhika anasema anaumwa, mwajiri anasema pole, siku tatu zinapita, na hakuna aliyeaibika. Mama Jikoni alikuwa ameufunga mlango huo kwa mkono wake.

Baba alitaka aende Ujiji asubuhi hiyo hiyo na bahasha ya mshahara wa miezi miwili. Nilimzuia, na mke wa mchungaji alimzuia kwa nguvu zaidi. Sababu yake: fedha ikitangulia, mdomo unafungwa. Mtu akishapokea bahasha hawezi tena kulalamika, na asipoipokea amekutukana. Akaenda mama mchungaji peke yake, mikono mitupu, akamkuta Mama Jikoni anafua, akakaa naye, wakaanika pamoja, wakala mchana pamoja. Hakuuliza kitu. Ilipofika saa kumi jioni mwenyewe akasema.

Kikao kilifanyika kesho yake nyumbani kwa mchungaji, kwenye mkeka, kwa Kiswahili. Nusu ya kwanza vijana hawakuwepo. Baba alifungua kwa kuomba radhi, na akapendekeza vijana wote warudishwe kwao mapema. Mchungaji alikataa. Alisema mgeni akirudishwa njiani ni aibu ya mji mzima, na kwamba tatizo hatujalisikia bado. Akamgeukia Mama Jikoni.

Nimeweka kumbukumbu ya alichosema. Hakuanza na mshahara. "Mama aliniambia wageni wanakuja. Hakuniuliza. Ninyi mnaalika, mimi ndiye ninayepokea. Angeniuliza ningemwambia mwezi wa sita wanakuja wajukuu wangu kutoka Uvinza, nami ningemwambia wawili naweza, wanne siwezi." Kisha ndipo akaja kwenye saa za kazi, ngano, na sufuria.

Walichoamua ni hiki. Saa zake zirudi kama zamani, na alipwe za wiki nne zilizopita. Aajiriwe msaidizi kwa fedha za chakula za vijana, na kwa kuwa binti yake Mama Jikoni alikuwa nyumbani akisubiri kujiunga na chuo, akachukuliwa yeye. Vijana wafue nguo zao, na wapike wenyewe Jumatano na Jumamosi. Jumapili jiko lisiwashwe, viporo vitatosha.

Kuhusu vijana wenyewe, kuomba kibali cha daraja C wakati zimebaki wiki nne kungekuwa kupoteza fedha. Mchungaji akasema basi wawe kile wanachoruhusiwa kuwa, wageni wanaojifunza. Kila mmoja akapewa mwenyeji wa mchana wa kukaa naye na kuzungumza. Mmoja alikwenda kwa mzee mwenye shamba la michikichi, mwingine kwa fundi cherehani, mwingine kwenye mwalo wa Kibirizi kwa akina mama wanaoanika dagaa. Yule aliyetoka kuugua angebaki nyumbani kwanza apate nguvu. Saa tisa alasiri wote walikuja kwangu kwa somo, na kazi yao ilikuwa kuniletea maneno waliyoyasikia.

Mwisho kabisa, watu wakiwa wamesimama na viatu viko miguuni, mchungaji akaongeza: na vijana wasimwahidi mtu kitu bila kupitia kamati ya kanisa. Sote tukaitikia. Hakuna aliyeandika. Vijana waliokuja nusu ya pili walikuwa watatu, na nikawatafsiria. Wa nne alikuwa kitandani.

## Matokeo

Mengine yalikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Kijana wa Kibirizi alirudi siku moja akinieleza, kwa Kiswahili cha kujikwaa, kwa nini bei ya dagaa imepanda: mbalamwezi imetoka, samaki hawafuati taa, mitumbwi imepumzika. Alijifunza "mbalamwezi" kabla ya kujua kusema "dirisha". (Siku hizi hesabu ya mboga ya miezi hiyo imebadilika zaidi. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika zima kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa hiyo anayepanga wageni wa Juni aulize na hilo.) Kijana huyo huyo, niseme ukweli, aliogelea mwaloni kila jioni licha ya kuonywa kuhusu kichocho, na ilibidi aelezwe kwamba kumeza prazikwanteli siku ya kuondoka hakutoshi, kwa kuwa dawa hiyo haiui minyoo michanga. Ameze wiki sita hadi nane baada ya kutoka majini kwa mara ya mwisho.

Mpiga gitaa alirudi kwao wiki ya sita. Bila kambi alijiona hana maana, na kukaa kwa fundi cherehani akitazama mishono kulimwelemea. Hakuwa kijana mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia kabla ya safari kwamba huenda asihitajike.

Kambi ilipovunjwa, walioachwa na hasira za watoto ni wale walimu wawili. Kwa majuma kadhaa watoto walikuja wakiulizia biskuti, na wakiambiwa hakuna, wanaondoka. Shule ya Jumapili iliyokuwa na watoto kama 60 kabla ya wageni ilishuka hadi 25. Ilirudi hali yake baada ya Krismasi.

Na kuna jambo tulilolijua Oktoba, vijana wakiwa wameshaondoka siku nyingi. Binti wa Mama Jikoni, yule tuliyemwajiri kuwa msaidizi, alimhudumia mgonjwa akipata nafuu. Walilingana umri. Mmoja anasomea uuguzi, mwingine amechaguliwa chuo cha afya cha serikali mkoa mwingine. Wakawa marafiki. Kwa simu, kwa kutafsiriwa na programu, mgeni alimwandikia maneno ambayo Kiswahili chake kilisomeka hivi: "Ningependa sana kukusaidia usome chuo kizuri." Binti akasikia ahadi. Akaacha kuripoti kwenye nafasi yake ya serikali, akatafuta chuo cha binafsi karibu na nyumbani, akapata, akasubiri ada. Ujumbe ukapungua, ukawa wa wiki, ukawa wa mwezi. Mwishowe mgeni akaandika kwa majonzi kwamba yeye mwenyewe anasoma kwa mkopo na hakuwahi kusema atalipa. Nimezisoma zile meseji zote. Hakuwahi kusema.

Shirika lilisema halihusiki na mazungumzo binafsi. Familia na kikundi cha ushonaji walichanga, binti akaomba upya, akaanza masomo mwaka uliofuata. Mwaka mmoja ulipotea.

## Uchambuzi

### Neno "tu"

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ni kazi yangu.

"Sawa" ni kukubali. "Sawa tu" ni kukubali kwa mtu ambaye hakupewa nafasi ya kukataa. Kile kijineno kidogo kinabeba mzigo wote: nimesikia, sina la kusema, endelea. Mswahili akiambiwa "sawa tu" na mkewe hawezi kutoka nyumbani akiwa na amani. Mama mwenyeji alikuwa na Kiswahili kizuri, alisoma Biblia bila shida, lakini hakuna somo langu hata moja lililomfundisha kusikiliza "tu". Nilimfundisha ngeli. Nilimfundisha nyakati, mpaka "-ngeli-".

Na mimi mwenyewe, mwenye lugha, nilitafsiri "hakuna shida, tutaangalia namna" kuwa ndiyo. Mchungaji alikuwa anasema: jambo hili limeshaamuliwa bila mimi, sitawaaibisha. Nilijua. Mkalimani anayetafsiri maneno na kuacha kunyamaza kulikoyatangulia amedanganya, hata kama kila neno ni sahihi. Kwa nini nilifanya hivyo? Kwa sababu baba alikuwa na furaha, nami sikutaka kuwa mtu wa kuizima.

Ila tusimwangushie kila kitu mwenye Kiswahili. Mama mwenyeji alilijibu shirika lake "sawa tu" kwa lugha yake mwenyewe, naye hakusikika. Na yule binti mgonjwa aliandika neno la adabu ambalo kwao ni matamanio, likafika Ujiji likiwa mkataba.

### Kilichofaa

Kilichookoa wiki nne za mwisho ni mama mchungaji kwenda Ujiji bila bahasha. Ningeombwa niokoe jambo moja tu katika kisa chote ningeokoa hilo. Mazungumzo ya fedha yalikuja, na yalipaswa kuja, lakini yalikuja baada ya mtu kusikilizwa, yakawa haki yake badala ya kuwa kifunika mdomo.

Kuwageuza vijana kuwa wanafunzi kulifaa pia, ingawa kulitoka kwenye sheria wala si kwenye hekima yetu. Uhamiaji wasingetusimamisha tungeendelea kugawa biskuti hadi Agosti. Tulipaswa kuanza hivyo tangu siku ya kwanza. Mtu wa miaka 20 asiyejua lugha hana cha kumfundisha mtoto wa Kigoma ambacho mwalimu wake hana, isipokuwa matamshi ya Kiingereza, na hayo hayahitaji wiki nane. Lakini yeye ana mengi ya kujifunza, na wenyeji wanapenda kufundisha. Mzee wa michikichi bado anamwulizia kijana wake.

### Kilichoshindikana

Kalenda ya shule na karatasi za Uhamiaji ni uzembe mtupu, sina uchambuzi wake. Simu mbili zingetosha.

Biskuti zina jambo zaidi. Hesabu ya watoto 180 ilipelekwa kwenye ripoti kama mafanikio, na picha zao zikatumwa nje bila mzazi hata mmoja kuulizwa. Tuna Sheria ya Mtoto tangu 2009, na sasa ipo ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata bila sheria, mama yule mlangoni angeweza kutuambia ni watoto wa nani wale na nani asipigwe picha. Hatukumuuliza kwa sababu alikuwa anapanga viatu.

Kumwajiri binti wa Mama Jikoni tuliona ni jibu la busara, na kwa jiko lilikuwa jibu. Hatukuona kwamba tunawaweka wasichana wawili wa umri mmoja, mmoja akiwa na pasipoti na mwingine akiwa na ndoto, chumba kimoja kwa siku kumi, na kanuni ya ahadi hatujamfikishia hata mmoja wao. Kanuni iliyosemwa watu wakiwa wamesimama mlangoni si kanuni. Nilidhani mchungaji atamwambia mgonjwa. Mchungaji alidhani mimi nitamwambia. Baba alidhani ameshaambiwa.

Baadaye nilimuuliza Mama Jikoni kama anamlaumu yule mgeni. Alisema hapana, ni mtoto, alitaka kusema neno zuri. Nikamuuliza anamlaumu nani. Akaniangalia muda, akasema chai inapoa.

## Baada ya hapo

Mwaka uliofuata familia haikupokea mtu. Mwaka wa pili ombi lilikuja tena, vijana wanne, wiki nane, safari hii mwezi wa saba. Baba hakujibu simu usiku ule. Kesho yake waliketi jikoni, yeye, mkewe, mchungaji na mkewe, nami pembeni, na Mama Jikoni akiwa na sinia la dagaa mapajani, anawatoa mchanga.

"Wangapi?" aliuliza.

"Wanne."

"Shule zitakuwa zimefunguliwa?"

Mchungaji akatoa karatasi ya mihula mfukoni, akaisoma. Zitakuwa zimefunguliwa, lakini hawaji kufundisha, wanakuja kujifunza Kiswahili.

Mama Jikoni alichambua dagaa wengine kama kumi hivi. Hakuna aliyesema kitu, na kwa mara ya kwanza sikujaribu kukijaza kimya kile kwa tafsiri.

"Wawili," akasema. "Na mmoja awe anajua kuosha sufuria."

Mama mwenyeji akafungua daftari lake la soko, akaandika 2.